Tupeane uzoefu: Habari ya kisayansi iliyoingia kwenye simu yako ikakuponza, au ikakufaa

Mwana_Kilosa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu, na si ya kujisifu.

Julai 2024 ilitumwa kwenye kundi la ukoo picha ya kichupa cha sindano, juu yake maandishi mekundu: "DAWA YA UKIMWI YAPATIKANA, sindano mbili tu kwa mwaka." Nikaisambaza makundi matatu kabla chai haijapoa. Na habari yenyewe haikuwa ya kutunga. Utafiti ulikuwepo kweli, ulifanyika Afrika Kusini na hapo jirani Uganda, kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,300. Waliochomwa lenacapavir kila baada ya miezi sita walikuwa 2,134 na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri. Ila hao wote walianza wakiwa hawana virusi. Ilikuwa sindano ya kinga. Sasa aliyetengeneza picha kaandika "dawa", na kwa Kiswahili chetu dawa ni kila kitu: ya mbu dawa, ya meno dawa, ya viatu dawa.

Shangazi yangu yuko kwenye dawa za kufubaza miaka mingi. Hakuniuliza kitu. Alinyamaza, akapitisha tarehe yake ya CTC, yaani kliniki ya matunzo ya wenye VVU, akawa anasubiri sindano ifike mkoani. Wiki tano. Binti yake ndiye aliyekuta kopo la vidonge limejaa. Alipoulizwa akajibu, "Si mwanangu wa Kilosa ndiye aliyetuma? Yule amesoma."

Hilo neno "amesoma" linanikaba mpaka leo. Haya, mwageni na zenu.

Binti_Chumbageni

Pole sana mkuu. Yangu ni ya kuchekesha, japo siku ile hakuna aliyecheka.

Mnaukumbuka ule ujumbe wa miale ya kosmiki? "Leo usiku kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 zimeni simu na muziweke mbali na mwili, miale hatari inapita karibu na dunia, NASA na BBC wametangaza." Baba ni mwalimu mstaafu, akisikia NASA anavua kofia. Saa kumi na mbili na robo jioni katukusanya sebuleni, simu zote kwenye ndoo ya plastiki, ndoo uani, mfuniko juu, tofali juu ya mfuniko. Wakati huohuo kaka yangu basi limemharibikia Segera, anapiga kwa baba, kwa mama, kwangu, kote hapatikani mtu. Kalala barazani kwa mama ntilie.

Kesho yake kaka anafika kanuna, anausoma ule ujumbe, anauliza: "Saa 12:30 ipi?" Kumbe ule wa Kiingereza ulisema saa sita na nusu usiku hadi saa tisa na nusu. Aliyetafsiri kayahamisha maneno, saa kaziacha kulekule Uzunguni. Yaani hata kama miale ingekuwa kweli, sisi tungewasha simu zetu saa tatu na nusu na kuisubiri zikiwa mkononi.

Kipanga77

Hahaha, tofali juu ya mfuniko! Baba yako angefaa kulinda benki.

Mwenyeji_wa_Wote

Nyinyi habari inawafikia kwenye simu. Sisi Makueni ilituangukia.

Tarehe 30 Desemba 2024 kijiji cha Mukuku kilishukiwa na pete ya chuma kutoka mbinguni, upana kama mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Mimi nilikuwa mjini Wote. Kufikia jioni simu yangu ilikuwa na maelezo saba: bomu, ndege imepukutika, dalili za mwisho wa dunia, hayo mengine nawaachia. Mjomba alipiga akinishauri nisipite barabara ile. Jamaa wa vyuma chakavu mtaani kwetu yeye hakuuliza imetoka wapi, alishapiga hesabu ya kilo 500.

Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa tarehe 1 Januari, kwamba ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Zinatakiwa ziungue zikiingia tena kwenye hewa ya dunia, au ziangukie baharini. Hii haikufanya hivyo. Kilichonishangaza ni kwamba ukweli ndio uliokuwa wa ajabu kuliko uvumi wote, na ndio uliosambazwa kidogo. Mjomba mpaka leo haamini. Anasema roketi ya nani ipite Ukambani?

Suswa_Kwetu

Yangu ilinigharimu pesa, kwa hiyo nitaongea marefu kidogo.

Machi 2018 baada ya mvua kubwa ardhi ilipasuka karibu na Suswa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Picha za lile bonde zilizunguka dunia nzima zikiwa na kichwa cha habari kimoja: Afrika inagawanyika mara mbili. Mimi wakati huo nilikuwa na mnunuzi wa ekari mbili za familia, bei tumekubaliana, tunangoja yeye atoke Nairobi na wakili wake. Badala yake nikapokea kiungo cha makala na sentensi moja: "Ndugu yangu, siwezi kununua bahari."

Nilikwenda kuona mwenyewe. Kina kirefu, ukisimama ukingoni magoti yanalegea, sikatai. Lakini wanajiolojia waliokuja walieleza jambo ambalo wazee wa pale walikuwa wanalijua kwa macho: chini kuna majivu ya volkano, laini kama unga, na maji ya mvua yanayachota kwa chini mpaka juu panabomoka. Bonde la Ufa linapanuka kweli, hilo halina ubishi, lakini ni milimita chache kwa mwaka. Bahari ikifika hapa ni baada ya mamilioni ya miaka. Nilimwandikia mnunuzi haya yote. Alijibu kwa kidole gumba.

Shamba lingali letu. Mwaka huu tumepanda maharage.

Panya_Buku

Wote mnalia na habari za kuponza, mimi niliponea moja niliyoicheka.

Nilipoona mtandaoni kwamba Morogoro, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna panya buku wanaonusa makohozi na kugundua kifua kikuu, niliweka vikatuni vya kucheka. Panya mmoja eti anapitia sampuli 100 kwa dakika 20! Miaka miwili baadaye nikakohoa wiki nne, kituo cha afya wakanipima, wakasema sina TB. Siku chache zikapita nikapigiwa simu nirudi. Sampuli zilizoonekana safi huwa zinapelekwa kwa panya, wakionyesha dalili maabara inazirudia. Yangu panya alikuwa ameikwarua. Miezi sita ya vidonge, nikapona. Nilirudi kwenye lile chapisho nikafuta vile vikatuni. Yule panya Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia alizaliwa hukuhuku kwetu, wala simcheki tena.

Ticha_Fizikia

Mimi 2022 niliwaonyesha kidato cha nne "picha ya nyota Proxima Centauri kutoka darubini ya James Webb". Ilikuwa kipande cha soseji ya chorizo. Aliyeiweka ni mwanafizikia Mfaransa Étienne Klein, akitania. Aliomba radhi. Mimi sikuwaomba wanafunzi wangu, wamehitimu hawajui.

Dirisha_la_Dawa

Mleta mada, niongeze kitu maana nafanya kazi famasi. Lenacapavir iliidhinishwa Marekani 2022 kwa matibabu pia, kwa wale ambao virusi vyao vimejenga usugu, na huchanganywa na dawa nyingine. Kwa hiyo shangazi hakuwa mjinga, akisoma huku na kule angekuta "matibabu". Ila kutibu huku ni kufubaza, virusi vinabaki mwilini. Ruhusa ya kinga ilikuja Juni 2025.

Shangazi mwenyewe anaendeleaje?

Mwana_Kilosa (mleta mada)

Asante mkuu, nitamsomea hii. Alirudi CTC, akasemwa kidogo, akaanza upya. Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi: havionekani. Kwenye kundi la ukoo amejitoa. Anasema akitaka habari atanipigia, na akinipigia ananiuliza kwanza kama nimekula.