Nani aliyewafundisha kuzidisha potenshali ya seli kwa mbili?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, hivyo mtanisamehe maneno yangu yakiwa makali. Wiki hii nimerudishiwa karatasi ya mazoezi ya elektrokemia, na swali nililolijibu kwa usahihi limekatwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu mwongozo wa kusahihisha unadai kwamba seli ya shaba na fedha (yaani betri ya metali hizo mbili), katika hali sanifu (ukolezi wa moli 1 kwa lita, nyuzi 25 za Selsiasi), hutoa volti 1.26. Haitoi. Hutoa volti 0.46.

Tazameni kosa lilivyozaliwa. Potenshali sanifu (kipimo, kwa volti, cha mvuto wa kupokea elektroni) ya fedha ni +0.80 na ya shaba ni +0.34, kwa hiyo ayoni za fedha hupokea elektroni kwenye kathodi, nayo shaba huzipoteza kwenye anodi. Kwa kuwa kila atomu ya shaba huachia elektroni mbili ilhali ayoni ya fedha hupokea moja tu, mlinganyo hausawaziki mpaka nusu-mmenyuko wa fedha (upande wa mlinganyo wa kupokea elektroni) uzidishwe kwa mbili. Hapo ndipo mwandaaji wa mwongozo alipoteleza: alizidisha na volti, akapata 1.60, akatoa 0.34, akaridhika. Volti ni nishati kwa kila kipimo cha chaji. Fedha ikiongezeka maradufu, nishati huongezeka maradufu na chaji vilevile, na uwiano wa viwili hivyo hubaki palepale. Kinachokua ni nishati huru ya Gibbs (nishati inayoweza kufanya kazi), yaani −nFE, ambapo n ni idadi ya elektroni zinazohamishwa, E ni volti ya seli, na F ni kulombu 96,485 kwa moli moja ya elektroni; ile mbili huingia kwenye n, haina ruhusa ya kuigusa E.

Nilipolalamika nilijibiwa kwamba mwongozo haujadiliwi. Haya, tuujadili hapa kwa mlinganyo wa Nernst, unaotoa volti ya seli ukolezi usipokuwa sanifu, ambao kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni E = E° − (0.0592/n) log Q; E° ni volti ya hali sanifu, na Q ni uwiano wa ukolezi wa mazao na wa vianzio, kila kimoja kikipandishwa kwa kipeo cha namba yake kwenye mlinganyo. Chukueni ayoni za fedha zenye ukolezi wa moli 0.010 kwa lita na za shaba zenye moli 1.0 kwa lita. Mlinganyo ukiandikwa kwa elektroni mbili, Q ni 10,000, logi yake ni 4, na kinachopungua ni volti 0.118. Ukigawanywa nusu ili n iwe 1, Q inakuwa 100, logi yake ni 2, na kinachopungua ni 0.118 ileile. Njia zote mbili zinaishia kwenye volti 0.34. Kwa kanuni ya mwongozo, E° yenyewe ingebadilika kila mtu anapoamua kuandika mlinganyo kwa namba nyingine, kana kwamba kemikali zilizo kwenye bika husoma daftari zetu.

Nashuku mwandaaji alisikia habari ya chuma akaielewa nusu. Ni kweli kwamba ukitafuta potenshali ya Fe³⁺ kwenda Fe kutokana na +0.77 ya Fe³⁺ kwenda Fe²⁺ na −0.44 ya Fe²⁺ kwenda Fe, lazima uhesabu elektroni: (0.77 − 0.88) ÷ 3, takriban −0.04. Lakini hapo unaunda nusu-mmenyuko mpya ambao elektroni hazijafutana. Katika seli kamili zimefutana.

Ukurasa unaofuata ni mbaya zaidi. Kwa zinki na shaba, mwongozo umegeuza −0.76 ya zinki kuwa +0.76, kisha ukaitoa tena kwenye 0.34, ukapata −0.42 na kuandika kwamba seli hiyo haiwezi kufanya kazi yenyewe. Ama ugeuze alama na ujumlishe, ama uiache na utoe. Ukifanya yote mawili umegeuza mara mbili. Jibu ni 1.10, na seli hiyo "isiyofanya kazi" ni ile ya Daniell ya mwaka 1836, iliyoendesha mitambo ya telegrafu.

Nimeomba karatasi isahihishwe upya, na sijajibiwa. Anayeitetea 1.26 na aje hapa aonyeshe hesabu yake mstari kwa mstari, au aunge elektrodi hizo kwa daraja la chumvi (mrija wa myeyusho wa chumvi unaopitisha ayoni) na atusomee voltimita.