Gari la kwenda jangwani lilitoka na tairi la akiba la mwaka 2012, na amana yangu wameizuia

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, kwa sababu jambo hili lingeweza kuondoa uhai wa watu watatu. Nilikodi Land Cruiser katika kampuni moja ya hapa Dar es Salaam na kuwaeleza kinagaubaga kwamba mimi, mke wangu na shemeji yangu tungeendesha wenyewe hadi jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Meneja alinihakikishia, na mkataba unasema hivyo, kwamba gari lina tairi zima la akiba, jeki na pampu ya upepo inayofanya kazi.

Hadi Marsabit hatukuwa na neno, maana kote ni lami, na Kadi ya Njano ya bima ilikubaliwa Namanga bila usumbufu. Balaa lilianza tulipoiacha lami pale Bubisa kuelekea Maikona, njia iliyojaa mawe meusi ya volkano yenye makali, na tairi la nyuma la kushoto likachanika ubavuni, mahali pasipozibika. Tulipolivua kava lile la akiba nilikuta nyufa zimelizunguka lote, nyingine zikipitisha ukucha wa kidole gumba. Nikapangusa vumbi nikasoma tarakimu za kiwandani: 2312, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2012.

Najua mtaniuliza kwa nini sikulikagua Dar. Kava lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na nikaambiwa ufunguo uko kwa fundi. Nilikosea kukubali jibu hilo, lakini kosa langu halifuti lao.

Pampu nayo ilikuwamo kwenye boksi lake, ila mpira wake umekatika. Anayeijua Chalbi ataelewa uzito wake: kwenye mchanga dereva hupunguza upepo ili tairi litanuke lisizame, kisha huujaza tena kabla ya kurudi kwenye mawe, kwa hiyo asiye na pampu hana safari. Tairi lile la akiba lilikuwa limelala nusu, mtandao wa simu haukuwapo, na tangu saa tano asubuhi tulikaa chini ya kivuli cha gari tukipimiana maji kwa kikombe. Karibu na magharibi likatokea lori la mbuzi, na dereva wake, Mungu ambariki, akaunganisha mpira kwenye tangi la upepo wa breki zake akatujazia. Tulirudi Marsabit usiku kwa mwendo wa kutambaa, tukiomba Mungu tairi lisifumuke. Chalbi hatukuiona.

Sasa kampuni imezuia amana yangu yote kwa madai ya “uzembe wa dereva”, ilhali tairi jipya nililolinunua Marsabit kwa fedha yangu limebaki kwenye gari lao. Nilipompigia meneja kumuuliza kuhusu ile 2312, alinijibu kwamba wateja wengine hawajawahi kulalamika.

Nataka amana yangu na bei ya tairi hilo kabla ya Ijumaa ijayo. Mkataba, stakabadhi na picha nimeshaziandaa kwa ajili ya Tume ya Ushindani. Aliyewahi kufikisha dai la namna hii huko, naomba anieleze alianzia dawati gani.