Huyu mjuaji wetu wa simuleta kaniuliza "chips mayai shilingi ngapi" mbele ya mama mkwe

Rubani wa Sebuleni ameandika:

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka simu naishika kwa mikono miwili.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule yule ambaye mtu akiuliza swali humu lazima aanze na "kitaalamu ndugu yangu". Yule mwenye skrini tatu zilizopinda na usukani wa kuagiza Ulaya, anaoupiga picha kila wiki, leo karibu na dirisha, kesho na taa ya bluu. Jina sitaji, modi watanifungia, na wala hakuna haja.

Leo mchana kaja kwangu kuona simuleta ya ndege niliyoijenga, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege kwenye kompyuta. Sebule imejaa, shemeji wapo, watoto wa jirani wapo, mama mkwe kakaa kochi kubwa. Jamaa kaingia, kamwamkia mama mkwe shikamoo vizuri kabisa, kaizunguka simuleta, kagonga aluminiamu kwa ukucha, halafu kwa sauti ya mteja mwenye njaa:

"Kaka, chips mayai hapa shilingi ngapi?"

CHIPS MAYAI. Nyumbani kwangu.

Na mama mkwe akacheka. Wakuu, mnajua maana yake? Yule mama tangu nimuoe binti yake hajawahi kucheka chini ya bati langu. Siku ya harusi MC alitoa jasho usiku kucha akaambulia kuangaliwa tu. Leo kacheka mpaka kaegemea friji, friji ikasogea.

Mimi muda huo niko angani! Nimeruka uwanja wa Dar njia ya 05, nimevuka bahari, ndege ndogo Cessna 172, naingia uwanja wa Zanzibar njia ya 36 kutokea kusini, spidi 65, flapsi zote chini (vile vibawa vya nyuma vya kutulia), nimetulia. Nikasikia chips mayai. Nikageuka. Nimezama karibu na kisiwa cha Chumbe na abiria watatu.

Sasa niwaambie hicho alichokiona yeye ni banda la chips. Usukani ni mabomba ya maji ya plastiki. Kwenda mbele na kurudi nyuma unateleza kwenye reli za droo, na kujirudisha katikati unavutwa na mipira ya tyubu ya baiskeli. Ndani kuna potenshiometa, vile vifundo vinavyosoma umegeuza kiasi gani, za 10K herufi B. Nasema B. Kariakoo nimezunguka juani, kila duka wananipa A wananiambia "ni ile ile bosi". Si ile ile! A ni ya kuongezea sauti ya redio: unageuza, ndege imenyamaza, unaongeza kidogo tu, imelala ubavu. Bodi ya elektroniki ni Arduino Leonardo, kompyuta inaiona moja kwa moja kuwa ni joistiki, kile kifimbo cha kuongozea gemu. Kofiani nimefunga taa 3 za infraredi, kamera ya mtumba inazisoma, nikigeuza shingo na rubani naye anageuza shingo, programu yake opentrack, bure. Na ndege zenyewe narusha kwenye programu ya FlightGear, nayo bure. Kiti nimetoa kwenye skrepa za Gerezani. Fremu kanichongea fundi aluminiamu wa mtaani kwetu, fundi mzuri tu, anatengeneza madirisha, milango na vitu vingine.

Usukani wa dukani peke yake ni zaidi ya laki nne, hapo hujalipa usafiri wala kodi. Mimi laki nne nilimpa mama mkwe yule yule aliyecheka.

Na huyo mjuaji ajue, Edwin Link kule Binghamton, New York, mwaka 1929 alijenga simuleta yake kwa mivukuto ya kiwanda cha baba yake cha piano na ogani. Watu walidhani ni bembea ya kwenye maonyesho. 1934 jeshi la Marekani likaja kununua 6, maana marubani wake walikuwa wanakufa kwenye mawingu wakibeba barua. Mivukuto ya kinanda, wakuu! Hakuna aliyemuuliza Link bei ya chips mayai.

Mbele ya mama mkwe.

---

Mzee wa Kona:
Nimekaa kiti cha mbele. Atakayepita asinikanyage.

Binti Kitonga:
Pole sana mkuu. Swali nje ya mada, kwani ni shilingi ngapi?

Mla Urojo:
Chai. Uzi hauna picha. Weka picha tuone wenyewe kama ni ndege au ni biashara.

Rubani wa Sebuleni:
Picha siweki. Najua mnachotaka kufanya nayo.

Jirani Mwema:
Mimi nilikuwepo, niseme ukweli? Mleta mada kawaficha jambo. Huyo "fundi wa vitu vingine" hana kazi nyingine zaidi ya kutengeneza makabati ya chips, mtaa mzima anajulikana. Na aluminiamu aliyotumia ni ya kabati ambalo mteja hakuja kulichukua. Ubavuni imeandikwa KUKU NUSU.

Rubani wa Sebuleni:
Stika ilishabanduliwa!!

Jirani Mwema:
Stika imebanduka, gundi ipo. Vumbi limeingia kwenye gundi, sasa hivi inasomeka vizuri kuliko mwanzo. Na mbele hujatoa kile kidirisha cha kusukuma ambacho mteja anapokelea sahani.

Rubani wa Sebuleni:
Kile ni cha kupitishia hewa. Kompyuta inachemka.

Mzee wa Kona:
😂😂😂 Inachemka na mafuta

Binti Kitonga:
Mkuu niwekee moja, mayai mawili, kachumbari weka mbali, pilipili ya kwenye chupa usitikise.

Mla Urojo:
Edwin Link naye aliuza nini baada ya pale?

Rubani wa Sebuleni:
Nyie mnacheka lakini tuwe serious. Mtu anaingia nyumbani kwa mwenzake, anapewa soda, anaimaliza SODA YOTE, halafu anauliza bei ya chips mayai mbele ya mama mkwe. Hilo ni sawa? Na muda huu mama mkwe yuko chumbani anaongea na simu, nasikia "eeh, na mayai". Anawahadithia wa Tanga.

Fundi Redio:
Mleta mada, huyo mtu namfahamu, na wewe una nafuu. Mimi pedali zangu za usukani wa mkia nilitumia ile pedali ya chini ya cherehani, chuma kizito, haisogei sakafuni hata ukikanyaga kwa hasira. Kaja, kaangalia, kaniambia "kitaalamu ndugu yangu, kwapa la hili gauni liko wapi". Nikanyamaza. Baada ya mwezi kaposti ushauri humu humu kwamba pedali nzuri ni nzito isiyosogea. Akapigiwa makofi kurasa mbili.

Ila pia kwenye A na B uko sahihi, ingawa B nayo isikupe jeuri. Vumbi la Dar likiingia mle ndani, namba zinaanza kurukaruka, umeshika usukani umetulia lakini ndege inatetemeka yenyewe. Weka sensa ya hall, ile inayosoma sumaku, na kasumaku kake. Hakuna kinachogusana, hakuna kinachoisha.

Nahodha wa Kipawa:
Ngoja kwanza. Mleta mada anasema anaingia njia ya 36 kutokea kusini, kisha anasema kazama karibu na Chumbe. Chumbe iko kusini magharibi ya uwanja. Anayekuja 36 akiwa kwenye mstari anaiacha kushoto kwake, kilomita kadhaa. Ndugu, wewe ulishapotea kabla hujaulizwa chips. Halafu flapsi zote chini na spidi 65 kuanzia huko kote? Ulikuwa unatua au unavua?

Rubani wa Sebuleni:
Upepo ulinisukuma. Nimeweka upepo halisi wa siku hiyo.

Nahodha wa Kipawa:
Upepo wa chips.

Mzee wa Kona:
Uwiii

Wa Mlolongo:
Wakubwa salimieni huko Bongo. Sisi huku Nairobi tuna shida kubwa kuliko ya mayai. Nilienda Luthuli Avenue nikaitisha Leonardo, nikaonyeshwa boksi, nikalipa, kufika nyumbani nikapata ni Uno imevalishwa stika. Uno ina chipu ya ATmega328P, hiyo USB haiongei yenyewe, kompyuta haiwezi kukuambia hii ni joistiki mpaka uihangaishe. Leonardo ni 32U4. Nikarudi, yule jamaa akaniambia "buda, zote ni blue". Zote ni blue! Hiyo ndiyo iliniuma.

Fundi Redio:
Zote ni blue 😂 Hao wa kwenu na wa kwetu wamesoma shule moja.

Rubani wa Sebuleni:
Ndugu wa Mlolongo pole, lakini wewe ulitukanwa na mtu asiyekujua, na hapakuwa na mkwe. Turudi kwenye mada.

Mama Wawili:
Naomba na mimi niseme kwa niaba ya wake wa wanaume wa humu. Mume wangu alijenga hicho kitu chumbani, akachukua reli za droo ZANGU. Za droo za nguo za watoto. Sasa hivi droo haifunguki, inang'olewa. Nikimwambia ananionyesha ndege inaruka. Nimeamua, juu ya ule usukani naanika soksi, na bado zinakauka vizuri maana ile kompyuta inatoa joto.

Mla Urojo:
Shemeji nakazia. Mzee anika.

Rubani wa Sebuleni:
Dada, reli za droo zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya samani, bei ya kawaida tu, hizo zako hata si mimi niliyezichukua. Mada ni chips mayai.

Mama Wawili:
Najua si wewe. Ila mnafanana.

Bando Limekata:
Nyie mnabishana chuma na mipira, nani amewahi kushusha ile simuleta ya Microsoft ya 2020 kwa bando la simu? Inataka nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta, halafu ukishaiweka bado inavuta picha za ardhi kutoka intaneti ukiwa unaruka. Niliamua kununua vifurushi vya usiku. Nimefika karibu na mwisho, umeme ukaenda. Uliporudi, ikaanza kukagua faili upya, bando likaisha kwenye ukaguzi. Kwenye UKAGUZI, wakuu. Sijarusha hata tiara.

Nahodha wa Kipawa:
Ndiyo maana tunasema FlightGear. Unashusha ramani ya kipande chako tu, Dar mpaka Pemba, yatosha.

Bando Limekata:
FlightGear majengo ya Dar yako wapi? Nimeruka Posta nzima nikaona vichaka.

Fundi Redio:
Kwani wewe unakwenda Posta kufanya nini na ndege?

Wa Mlolongo:
Umeme huko kwenu unaenda kwa ratiba ama kwa hisia?

Bando Limekata:
Kwa hisia. Na ukirudi unarudi kwa nguvu, umenilia pawasaplai. Nauliza, stabilaiza ya kawaida ya friji inafaa kompyuta au mpaka niweke UPS, ile yenye betri ndani?

Nahodha wa Kipawa:
UPS. Stabilaiza inarekebisha umeme uliopo, ukikatika nayo inakatika na wewe.

Rubani wa Sebuleni:
Jamani. Kaingia nyumbani kwangu, kanywa soda...

Binti Kitonga:
UPS ya mtumba ipo ya kuaminika? Niliuziwa moja, nikachomoa waya kuijaribu, ikalia mlio mmoja ikafa. Betri ilikuwa imevimba mpaka mfuniko haufungi. Muuzaji kaniambia imevimba kwa sababu imejaa chaji.

Mzee wa Kona:
Imejaa chaji 😂😂 nimeondoka kiti cha mbele, nimelala chini

Fundi Redio:
Betri ya UPS ndogo ni ya volti 12, hata ya pikipiki watu wanafunga kwa nje, ila usiweke chumbani unakolala na usiambie watu nimekuambia.

Dalali Mstaafu:
Habari zenu. Nimeona mleta mada kataja kiti cha skrepa. Ninacho kiti cha Passo, cha dereva, kina reli zake zote za kusogea, hakijachanika. Laki moja. Mbagala.

Bando Limekata:
Laki moja kiti? Gari zima linauzwa ngapi?

Dalali Mstaafu:
Kina mkanda wake.

Fundi Redio:
Mkanda wa nini, anaanguka kwenda wapi? Arobaini.

Dalali Mstaafu:
Sabini, na nakuletea mpaka Rangi Tatu. Hapo sijaweka nauli ya bajaji.

Wa Mlolongo:
Unaweza tuma Nairobi na basi?

Dalali Mstaafu:
Natuma. Ila basi wanatoza kiti kama abiria.

Mama Wawili:
Mimi ninacho kimoja nyumbani, kipo mbele ya usukani wa mabomba, mwenyewe yuko kazini mpaka saa kumi na mbili. Hamsini. Anayekuja leo aje na bajaji yake.

Fundi Redio:
Dada, nimekuja PM.