Kafuta ubao wangu kwa mkono wa kanzu!

Chaki Vumbi
Nnaandika huku mikono inatetemeka. Yule mwalimu mkuu wetu mnayemjua nyote, nisimtaje jina, leo kaingia darasani kwangu, Darasa la Tano, watoto 93. Nshawapanga vikundi, kila kikundi na jani lake, la mgomba na la mwarobaini, wanalinganisha mishipa. Hakubisha hodi, hakutoa salamu. Kafuta ubao, na jani lililochorwa pale. Dasta ipo mezani, kafuta kwa mkono wa kanzu! Kanzu ya Ijumaa!

Kauliza: "Hapa skuli au soko la Darajani?" Kimya, hata nzi walitua.

Na yeye ndiye alorudi TC, kituo cha walimu, akatuhubiria mtaala wa umahiri, mtoto atende asikariri. Andalio la somo kalitia sahihi mwenyewe, wino mwekundu, wala hakulisoma maana neno "vikundi" limo mara nne. Basi Jumatatu ntawanukulisha notisi mpaka kengele. Ndo anachotaka, ukimya.

Lakini kanzu jamani! Kaenda kusali na chaki ya jani langu kwenye mkono wa kanzu.

Pweza Mkavu
Kesi ni ya ubao au ya kanzu?

Mwana wa Wete
Shukuru wako anaingia darasani. Wetu huku tunamuona siku ya wageni kutoka wizarani, hapo utamkuta kashika fagio!

Kilua
Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilisema sayansi Darasa la Tano ni kwa Kiingereza. Wewe ulikuwa unapiga Kiswahili, sema kweli.

Chaki Vumbi
Mishipa ya jani nimwambie nani kwa Kiingereza? Na lile jani hata sikulichora mimi. Kalichora mtoto ambaye tangu Januari hajafungua mdomo. Kasimama pale na chaki mkononi anatazama linafutwa. Kwa mkono wa kanzu!

Mama Wawili
Kumbe ni wewe! Wangu karudi na jani la mgomba mfukoni, shati jeupe lote utomvu. Madoa ya mgomba yatoka? Shati nani ananilipa?

Pweza Mkavu
Hahaaa, mwalimu kakimbia kanzu kaangukia shati.

Mwana wa Wete
Bi mkubwa, loweka ndimu na chumvi.

Kilua
Ndimu wapi! Mafuta ya taa, kisha sabuni ya mche.

Mama Wawili
Anuke mafuta ya taa skuli? Ndimu sokoni Mwanakwerekwe bei gani leo?