Mjadala: Mtoto wa kuasili aambiwe ukweli, au wazazi wanyamaze?

Mke_wa_Subira
Ndugu zangu, naomba busara zenu. Mimi na mume wangu tuna miaka tisa ya ndoa. Matibabu tumehangaika nayo hadi tukasema basi. Sasa tumejaza fomu za kuasili mtoto, na ofisa wa ustawi wa jamii ameshakuja nyumbani mara mbili, akakagua mpaka chumba atakacholala. Tumekwama penye jambo moja. Mume wangu anataka mtoto mchanga, wa miezi michache, kisha tuhame mtaa, asijue kamwe. Anasema ukimwambia mtoto hukumzaa, umemfungulia mlango wa kuondoka. Mimi naona ni haki yake kujua tangu anapoanza kuelewa maneno. Na swali si la nyumba yangu peke yake: sheria iwalazimishe wazazi waseme, au iwaachie wenyewe?

Mwamba_wa_Kale
Dada, mumeo ana akili. Damu nzito kuliko maji. Siku akijua, hata mkigombana kwa kuchelewa kurudi nyumbani atakwambia "wewe si mama yangu". Nyamaza, lea mwanao. Na msikate tamaa: wengi nimewaona, wakishaasili tu moyo unatulia, mimba inaingia. Huyo mtoto atawaletea baraka.

Kundi_O
"Wakishaasili tu mimba inaingia." Kwa hiyo mtoto ni dawa ya uzazi? Mimi ni mtoto wa kuasiliwa. Nikiwa na miaka minane shangazi alimwambia mama sebuleni, mimi nimekaa pale pale: "Huyu si ndiye wa kukufungulia njia? Mbona haijafunguka?" Sikuelewa ni njia gani. Nilikuja kuelewa nikiwa na miaka 17.

Mwamba_wa_Kale
Kijana, punguza jazba. Sijamtukana mtu, nimesema baraka. Jambo hili linajulikana, hata madaktari wanalisema. Ni msongo wa mawazo unaoondoka.

Mkunga22
Madaktari gani, mzee wangu? Miaka 22 niko wodi ya wazazi. Imani hiyo imechunguzwa tangu zamani, na haikuonekana kwamba kuasili kunaongeza nafasi ya kushika mimba. Wapo wanandoa wanaopata ujauzito baadaye bila dawa, walioasili na wasioasili. Tunawakumbuka walioasili kwa sababu habari yao inasimulika vizuri. Aliyeasili na asipate, nani anamtaja?

Mwamba_wa_Kale
Baki na vitabu vyako. Dada yangu wa tumbo moja aliasili Januari, mwaka uliofuata akajifungua. Nilikuwepo, sikuhadithiwa.

Kundi_O
Na yule wa Januari yuko wapi sasa?

Mwamba_wa_Kale
Yupo, analelewa vizuri tu. Yuko kwa bibi yake.

Kundi_O
Yuko kwa bibi yake.

BintiFundi
Nimefika hapo nikaweka simu chini. Mzee, mtoto yule alipelekwa kwa bibi kabla ya mdogo wake kuzaliwa, au baada?

Mwamba_wa_Kale
Usiingie kwenye familia yangu! Dada yangu alikuwa na mtoto mchanga na mwili umechoka. Mnajua mama yangu anampendaje yule mtoto? Mmekuja kujadili au kuhukumu watu?

BintiFundi
Simhukumu dada yako. Lakini wewe ndiye uliyemleta hapa kama ushahidi, na kwenye ushahidi huo kuna mtoto aliyehamishwa mara mbili kabla hajajua kuongea.

Wakili_Mstaafu
Turudi kwa mwenye swali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, kadiri inavyowezekana. Mkataba wa Hague wa 1993, unaohusu kuasili kati ya nchi na nchi, unazitaka nchi zitunze taarifa za asili ya mtoto, zikiwemo za wazazi wake na afya. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1975 kwamba aliyeasiliwa, akifika miaka 18, anaweza kuomba cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa. Lakini haki hizi zote ni za kufungua faili. Humo hamna kifungu kinachomkalisha mzazi chini na kumwambia "sema". Na asiyejua kwamba faili lipo ataliombaje?

BintiFundi
Ahsante, wakili. Siri za namna hii hazikai nyumbani peke yake, zinapanda hadi ofisini. Korea Kusini ilipeleka nje watoto zaidi ya laki moja tangu miaka ya hamsini. Machi 2025 tume yao ya ukweli ilieleza kwamba kumbukumbu zilighushiwa, na kuna watoto walioandikwa yatima huku wazazi wao wakiwa hai. Yatima wa karatasi! Ethiopia ilipiga marufuku raia wa nje kuasili mwaka 2018, na Uchina ikafunga karibu njia zote 2024. Mume wako, dada, anataka kufanya jambo lile lile kwa upendo. Kwa mtoto, matokeo ni yale yale.

Nuru_ya_Aya
Kwetu Waislamu swali hili lina jibu. Qurani, sura ya 33, aya ya 5: waitwe kwa baba zao. Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume, alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudishiwa jina la baba yake, na mapenzi hayakupungua. Tunalea kwa kafala, yaani ulezi usiobadili nasaba, na ule mkataba wa 1989 umeitaja kafala kwenye ibara ya 20. Mtoto anapendwa, anasomeshwa, nasaba yake haiguswi.

Mwamba_wa_Kale
Na urithi je? Unampenda halafu harithi?

Nuru_ya_Aya
Anausiwa. Mlango wa wasia uko wazi hadi theluthi moja ya mali. Na mzee, ungeuliza kwanza kuhusu kumwambia ukweli, maana ndicho tulichoitiwa hapa.

Mama_wa_Wawili
Mimi kilichonichoma ni "mtoto mchanga, wa miezi michache". Kila mtu anataka mchanga. Wetu tulimchukua na miaka mitano. Wiki tatu za kwanza alilala na viatu. Nikimvua akisinzia, nikirudi usiku namkuta amevivaa tena, kamba amezifunga mafundo mawili mawili. Siku moja akaniambia: "Waliponihamisha kulikuwa na giza, viatu vyangu vikabaki." Kwa mtoto kama huyu hakuna cha kuficha, historia yote anayo yeye. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mwana mwenyewe si lazima aje kwenye shali.

Mwamba_wa_Kale
Hapo sasa mnampotosha dada wa watu. Mtoto akishakaa kwenye makao miaka yote hiyo ameshaharibika. Kuna utafiti wa Romania, watoto walitelekezwa kwenye majumba ya serikali, akili zikadumaa.

Mama_wa_Wawili
Ameshaharibika? Unamzungumzia mwanangu.

Mkunga22
Utafiti huo ulianza Bucharest mwaka 2000, na ulikuwa na watoto 136 wa kwenye makao. Nusu walipelekwa kwa familia. Waliopelekwa walikua vizuri kuliko waliobaki, hasa wale waliotolewa kabla ya miaka miwili. Kinachoumiza ni kukosa mtu wako. Wewe umeusoma kama sababu ya kumwacha mtoto huko huko.

Mwamba_wa_Kale
Haya, nimekosea neno "ameharibika". Mama wa Wawili, nisamehe. Lakini la damu sirudi nyuma.

Mke_wa_Subira
Nimesoma yote. Mume wangu naye amesoma, kaishia kwenye "yuko kwa bibi yake" akazima taa. Hatujazungumza tangu jana. Leo asubuhi kaniambia neno moja tu: "Niahidi hutasema." Sijamjibu. Kundi_O, naomba nikuulize, kama haikuumizi. Ulijuaje, na ulimwendea nani kwanza?

Kundi_O
Mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni jedwali la makundi ya damu, akatutuma tuulize nyumbani. Baba O, mama O, kadi yangu ya hospitali AB. Kwa jedwali lile, wazazi wawili wa O hawazai mtoto wa AB. Mwalimu alilitazama daftari langu, akalifunga taratibu, akasema huenda kadi imekosewa. Nikapima tena kwa hela yangu. AB. Jina hili ninalotumia hapa ni la kundi lao, si langu.

Nilimwendea mama. Baba alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Mama alikuwa anakunja nguo kitandani, nikaiweka karatasi ya maabara juu ya shuka mbele yake. Hakuuliza ni nini. Alimaliza kukunja shati la baba, akalilaza juu ya mengine, akasema, "Nilimwahidi baba yako." Mama nilimsamehe wiki ile ile. Ile ahadi hadi leo sijaisamehe, kwa sababu waliwekeana wao wawili juu yangu, na mmoja ameondoka nayo, siwezi tena kumuuliza chochote.

Dada, usimwahidi mumeo.