Kitabu cha kwenye simu nacho kina foleni? Naombeni mnieleweshe

FundiWaPasua (Moshi)
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Pasua. Kazi yangu inataka mikono na macho, masikio yanabaki bure, na redio imenichosha: tangazo la kubeti, wimbo, tangazo la kubeti. Dada yangu anaishi Marekani, huko Minnesota. Akanitumia namba ya kadi yake ya maktaba pamoja na namba ya siri, akasema pakua Libby, app ya kuazimia vitabu vya maktaba kwenye simu, humo kuna vitabu vya kusomewa na hulipi kitu.

Nimepakua. Vitabu vimejaa kweli. Ila kile ninachokitaka, cha kuendesha biashara ndogo, nikibonyeza kuazima naambiwa: nakala 4, wanaosubiri 18, muda kama wiki 9. Wiki tisa! Kitabu cha karatasi ningeelewa, mwenzio kaondoka nacho, subiri arudishe. Hili si ni faili? Mteja nikimrushia picha ya mshono WhatsApp, anayo yeye na mimi bado ninayo. Sasa hiyo foleni inatoka wapi?

La pili, vya Kiswahili navipata wapi? Humo nimeambulia vya watoto na vya wazungu kujifunza lugha. La tatu ni bando, mnajua hali. Kiingereza changu ni cha Form Four lakini msomaji akienda polepole namfuata vizuri.

KijanaKiboriloni
Dada achana na mambo ya foleni. Telegram kuna magrupu ya PDF, unashusha chochote unachotaka, fasta. Njoo PM nikupe linki.

FundiWaPasua
Mdogo wangu, PDF nitaisomaje na sindano inakimbia? Nimesema masikio.

MkutubiMstaafu (Arusha)
Mwanangu, simu yako iko sawa. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilieni nikae kidogo kwenye swali la foleni.

Maktaba ikinunua kitabu cha karatasi, kimekuwa mali yake. Itakiazimisha mpaka kurasa zinyofoke na mchapaji hana la kusema. Cha kwenye simu maktaba hainunui kitabu, inanunua leseni, na leseni ya kawaida ni msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Maktaba ya dada yako ina leseni 4. Watu wanne wakishaazima, wa tano anapanga mstari, hata kama kompyuta ingeweza kutoa nakala elfu kwa sekunde. Mwazimaji hukaa nacho wiki 1, 2 au 3 kutegemea maktaba. Gawa hao 18 kwa 4, zidisha kwa wiki 2, umezipata wiki zako 9.

Utauliza, si wanunue leseni nyingi? Bei. Kitabu kinachouzika sana, maktaba za Marekani mara nyingi hutozwa mara tatu au zaidi ya anacholipa msomaji wa kawaida, na wachapaji wengi wakubwa wanatoa leseni ya miaka 2 tu, ikiisha mnalipa upya. Mwaka 2011 wachapaji HarperCollins walikuja na utaratibu wao: kitabu kikishaazimwa mara 26, leseni imekufa. Wakutubi wa huko walichachamaa, wakabandika picha za vitabu vya karatasi vilivyoazimwa mara nyingi kuliko hizo na bado vizima. Mwaka 2019 wachapaji wengine, Macmillan, wakazidi: mfumo mzima wa maktaba, hata wa jiji kubwa, ununue nakala 1 tu katika wiki 8 za mwanzo za kitabu kipya. Maktaba kadhaa zikawasusia, na Machi 2020 wakaachana na mpango huo. Kwa hiyo usiwalaumu wakutubi wa Minnesota. Mimi ningewapigia makofi hata kwa hizo nne.

Upo mtindo usio na foleni, kama wa hoopla, app nyingine ya maktaba. Pale maktaba inalipia kila mtu anapoazima. Ndiyo maana kila mwenye kadi anawekewa kikomo cha mwezi, la sivyo bajeti ingeisha kabla ya Pasaka.

Kuhusu kadi ya dada, nitakuambia wazi: maktaba nyingi zinasema kadi ni ya mwenye jina lake, na mwenye jina ni mkazi wa pale anayelipa kodi pale. Mwambie aulize maktaba yake. Zipo zinazowauzia kadi wasio wakazi kwa ada ya mwaka, lakini kila moja ina masharti yake.

Bando: sauti inakula kama MB 30 kwa saa, kitabu cha saa 10 weka MB 300. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni. Pakua penye Wi-Fi, kisha zima data uendelee na kazi. Mwendo wa msomaji unapunguzwa humo humo. Siku ikifika kitabu kinajirudisha chenyewe, faini hakuna.

KijanaKiboriloni
Shikamoo mama. Sasa mbona Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, wanaazimisha na hizo leseni hawana?

MkutubiMstaafu (Arusha)
Marahaba. Wao walichukua vitabu vya karatasi, wakaviskani, wakaazimisha skani moja kwa kila kitabu walichonacho ghalani. Mwaka 2020, corona ilipofunga maktaba, wakaondoa foleni kabisa kwa muda. Wachapaji wanne wakawashtaki, wakashinda 2023, na rufaa ikaamuliwa hivyo hivyo Septemba 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 vimeondolewa kwenye kuazimwa. Vilivyobaki unaazima kwa kujisajili na barua pepe tu kwenye tovuti yao ya Open Library, vingi kwa saa 1 unayoweza kuirudia, vingine siku 14. Ila ni vya kusoma kwa macho, fundi havimfai sana.

Na hayo magrupu yako ya Telegram, kijana, mwandishi wa Tanzania anauza nakala chache mno kuweza kuvumilia hayo. Sisemi zaidi.

Fundi, kwa masikio jaribu LibriVox. Ni watu wa kujitolea tangu 2005, wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Hakuna kadi wala foleni. Ubaya wake ni kwamba vingi ni vya Kiingereza, na ni vya zamani, biashara ndogo ya leo hutaikuta humo.

MamaWawili_Majengo
Naongezea la Kiswahili. Wa shule wafungulie Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vimo bila malipo. Wadogo wapelekee African Storybook. Hadithi za Kiswahili ni nyingi, unazipakua zikae kwenye simu, wangu wanazisoma umeme ukikatika. Vya watu wazima vya kusomewa kwa Kiswahili nimetafuta sana, ni haba mno, na hapo kusema kweli panauma. Ukitaka kusoma riwaya zetu, mpaka leo nyingi ni za karatasi. Maktaba ya mkoa ipo hapo mjini, wengi wanapita nje yake tu.

FundiWaPasua
Shikamoo mama mkutubi, ahsante. Hiyo hesabu ya 18 kwa 4 nimeipiga kwenye chaki ya kukatia, imetoka sawasawa. Dada nimemwambia kadi yake abaki nayo, aingie foleni yeye, akikipata anisimulie Jumapili akipiga. Kasema maktaba yake ataiuliza pia habari ya wasio wakazi.

LibriVox nimeifungua. Kila sura ina mtu wake! Ya kwanza baba mmoja ametulia, ya pili mama anasoma kama anafukuzwa na mbwa, nikampunguza mwendo akakaa sawa. Nimepakua kwa Wi-Fi ya jirani mwenye saluni, kwa ruhusa yake. Mama Wawili, hiyo maktaba ya mjini naipitia nikishamaliza magauni ya kipaimara, maana wateja wenyewe wameshaanza kunipigia.