Ushauri: Mkataba wa kukodisha shamba kwa mwenye karasha uwe wa miaka mitatu au mitano?

Msumari Butu (mleta mada):
Wanajukwaa, salaam. Familia yetu ina shamba la ekari mbili na nusu katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Geita, ambalo marehemu baba alilima pamba na mihogo mpaka alipofariki. Tangu dhahabu ionekane kwenye kilima cha jirani, amejitokeza mtu mwenye karasha mbili, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, anayetaka kukodi robo tatu ya ekari ili aweke mashine zake, mialo (miteremko iliyotandikwa magunia) ya kuoshea mchanga uliosagwa na shimo la kutunzia marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa. Kodi anayoitaja kwa mwezi mmoja inazidi kile ambacho mihogo hutupa kwa msimu mzima. Ninachoomba ni jambo moja tu: mkataba uwe wa miaka mitatu au mitano, na kodi ilipwe ya miezi mingapi mbele? Naomba tusiingie kwenye mazingira, kwa sababu nyumbani nimekwisha kuyasikia vya kutosha.

Mama Kunde:
Mdogo wangu, mimi nisingempa hata mwaka. Kaka yangu alikodisha kipande chake kwa watu wa karasha, wakakaa misimu miwili, kisha wakahamia kwenye rashi nyingine (machimbo mapya yanayokimbiliwa) usiku bila kuaga. Walichoacha ni lundo la marudio ya kijivu lililokauka juu kama sakafu ya saruji, na mvua ya kwanza ilipolishukia, mchanga ule laini ukateremka hadi kwenye majaruba ya mpunga ya jirani. Mpunga haukufa siku hiyo; ulisimama tu ukawa wa njano, na kaka akaishia kulipa fidia kubwa kuliko kodi aliyopokea. Wakati huo nilikuwa na kesi yangu ya mpaka na shemeji, ambayo nayo nitaisimulia siku nyingine.

Fundi wa Duara:
Mimi nimeshuka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, kwa miaka kumi na minne, na sipendi watu wanaotuita wachafuzi huku wamevaa pete. Karasha yenyewe husaga tu. Hatari huanza kwenye beseni, pale magunia ya mwalo yanapokung'utwa, zebaki inamiminwa kiasi cha kizibo cha soda, mtu anaifikicha na tope kwa mkono mtupu, anaikamua kwenye kitambaa, kisha kile kidonge cheupe cha dhahabu iliyoshikana na zebaki anakichoma juu ya mkaa, mara nyingi palepale mama lishe anapopika. Kwa hiyo, badala ya kuuliza miaka, muulize mpangaji wako maji ya beseni yatamwagwa wapi. Na wewe mwenyewe tuambie maji ya kuoshea yatatoka wapi, maana mwalo haufanyi kazi bila maji.

Msumari Butu:
Maji yapo, mkuu. Hilo si tatizo.

Mpimaji Mstaafu:
Ndugu, nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote, na jibu la "maji yapo" nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu waliokuwa wamesimama juu ya chanzo chenyewe. Yapo wapi?

Msumari Butu:
Sawa, nitaeleza, ingawa sioni kwa nini liwe kubwa. Upande wa chini wa shamba kuna chemchemi, na kijito kinaanzia hapo. Mahali pa mashine ni hatua kama mia hivi kutoka pale. Kaya kumi na moja huchota hapo, ikiwamo ya mama. Lakini mpangaji ameahidi kutandika turubai nene kwenye shimo la marudio na kuwachimbia wanakijiji kisima kirefu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutufanyia. Halafu tuseme ukweli: migodi mikubwa inachafua mito mizima, watu wanaandika wiki mbili wananyamaza, ila mtoto wa mkulima akitaka kukodisha robo tatu ya ekari, kila mtu anageuka kuwa afisa mazingira.

Kambare wa Mara:
Kwa hilo la mito mizima, nakuunga mkono. Mwaka 2022 maji ya Mto Mara yalipogeuka rangi na samaki wakaelea, kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wengi hawakuyapokea maelezo hayo. Tangu siku hiyo ng'ombe wetu tunawaita wahandisi wa migodi. Miaka kumi na mitatu kabla, kwenye Mto Tigithe, ulikuwapo mgogoro mwingine wa maji yaliyovuja kutoka mgodini. Ubishi kama huu haumalizwi na kelele; humalizwa na sampuli ya maji iliyochukuliwa kabla mgodi haujaanza, na sampuli hiyo karibu kila mara huwa haipo.

Mpimaji Mstaafu:
Kambare amegusa penyewe, japo ametupeleka mbali. Msumari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zote zinataja mita 60 kuwa umbali wa kulinda vyanzo vya maji, na mkataba wako, uwe wa miaka mitatu au thelathini, hauwezi kuufupisha. Turubai hutobolewa na koleo la kwanza. Zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji. Hutulia kwenye tope, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki, na huyo samaki akiliwa na mjamzito, anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Chukua sampuli sasa, maji yakiwa safi, uipeleke maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali pale Mwanza, utunze karatasi ya majibu.

Mlokole wa Chato:
Ardhi ni amana, ndugu yangu, na fedha ya haraka ina miguu. Omba kwanza kabla hujasaini.

Jicho Kavu:
Kabla hamjaendelea kumwombea, naomba mniruhusu swali. Mwezi uliopita mtu mwenye jina hilihili aliuliza kwenye jukwaa la mitambo bei ya mota ya dizeli ya karasha na mahali pa kupata vyuma vya kusagia. Mwenye shamba anayesubiri kodi hahitaji kujua bei ya vyuma vya kusagia. Ama hadithi hii imetungwa, ama mwenye karasha ndiye huyu anayetuuliza, na anatafuta tumwandikie mkataba bure.

Mama Kunde:
Na mimi nimemwaga bando langu kwa ajili ya kaka yangu na mpunga wake! Mleta mada, jibu.

Msumari Butu:
Sijatunga. Shamba lipo, chemchemi ipo, na mpangaji yupo. Ila karasha moja kati ya zile mbili ni yangu kwa nusu, na makubaliano ni kwamba, mbali na kodi, nitagawiwa marudio niyauze kwa wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu iliyobaki. Malipo ya kwanza nimekwisha kuyapokea, na yamekwenda kwenye ada ya chuo ya mdogo wangu wa kike, kwa hiyo kurudisha si rahisi kama mnavyodhani. Mirathi ya baba haijafunguliwa, na mama hajasaini. Hajakataa pia. Ila tangu wiki iliyopita ameanza kubeba ndoo kwenda kuchota upande wa pili wa kilima, na mashine bado hazijafika.

Fundi wa Duara:
Hapo sasa tunaelewana. Kwanza, bila mirathi wewe ni mrithi mmojawapo tu, na ndugu yako yeyote anaweza kuusimamisha mkataba. Pili, marudio yaliyopita kwenye zebaki yakiingizwa kwenye sayanaidi, zebaki iliyobaki nayo huyeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi, kwa hiyo unauza matatizo mawili kwa bei ya moja. Mwambie mwenzako mhamishie mashine ng'ambo ya kilima, mbali na nyumba, kwa sababu hata vumbi si la kuchezea: kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa kwenye makazi. Na kabla hamjanunua zebaki, nendeni mkaone kituo cha mfano cha uchenjuaji dhahabu cha STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, pale Lwamgasa.

Mpimaji Mstaafu:
Na zile hatua mia, kazipime kwa kamba.

Msumari Butu (siku mbili baadaye):
Nimepima kwa futi kamba ya fundi ujenzi. Ni mita 43. Hatua mia nilizihesabu nikizunguka mihogo.

Mpimaji Mstaafu:
Mashine zingekaa juu ya chemchemi au chini yake?

Msumari Butu:
Juu.

Jicho Kavu:
Basi kama unaiachia ile mota, nitumie bei yake faraghani.